Uzi: Gari linakosa nguvu mlimani. Pima likiwa na mzigo kabla ya kununua spea

Ruaha_Mbuyuni

Wakuu, habari za saa hizi. Nina IST cc 1290 ya otomatiki. Tambarare halina shida, linafika 100 vizuri tu. Likianza kupanda mlima Kitonga, kule Iringa, na watu watano na mizigo, spidi inashuka mpaka 40 na RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inagoma kwenye 3,000 hata pedeli ikifika chini. Likiwa limepoa linaanza mlima vizuri, likipata moto linachoka. Taa ya injini haiwaki. Plagi mpya, ea klina mpya, oili ya giaboksi imebadilishwa. Fundi wa kwanza anasema giaboksi, wa pili anasema pampu ya mafuta. Nianzie wapi?

SpanaKumi

Mkuu, usinunue kitu kwanza. Maelezo yako yenyewe yanaisafisha giaboksi kwa sehemu kubwa. Giaboksi inayoteleza hupandisha RPM huku spidi ikishuka: injini inalia, gari haliendi. Kwako RPM na spidi vinakwama pamoja. Hapo ama injini haipumui, ama haipati mafuta, ama haichomi sawasawa, ama kuna kitu kinalivuta gari nyuma, kama breki iliyokamata.

Tupige hesabu, maana kuna watu wanaosema gari bovu kumbe mlima ni mkubwa kuliko injini. IST yenye watu watano na mizigo ni kama kilo 1,400. Kuipandisha mlima wa asilimia 8 kwa spidi ya 60 kunahitaji takriban kilowati 23 kwenye matairi. Injini yako, 2NZ-FE, ikiwa nzima hutoa kilowati 64, lakini hizo ni za RPM 6,000. Kwenye 3,000 inatoa kama 36 ukiwa pwani. Ukifika mita 1,500, ambao ndio usawa wa Iringa mjini, hewa nyepesi inakula karibu asilimia 15, na giaboksi ya otomatiki nayo inachukua fungu lake. Unabaki na kama 25.

Kwa hiyo hata injini nzima ikikaa kwenye 3,000 iko ukingoni, na ndiyo maana gari zima hushusha gia lenyewe na kukimbilia 4,000 na kuendelea, karibu na 4,400 ambako torki ya injini hiyo iko juu kabisa. Jaribio lako la kwanza ni la bure: ukiwa mlimani zima O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa), kisha weka leva kwenye 2, kanyaga mpaka chini. Ikipanda kwenda 4,000 na gari likavuta, tatizo lilikuwa gia tu. Ikigoma palepale, injini inaumwa.

Mama_Gereji

Kabla ya mashine yoyote, pitia vitu vinne hivi visivyo na gharama. Gari nyingi zinaletwa gereji kwa malalamiko haya na jibu linapatikana hapa.

Kapeti. Kapeti nene lililosogea chini ya pedeli huizuia isifike mwisho. Tambarare hutagundua maana hukanyagi mpaka mwisho.

Waya wa pedeli. Injini ikiwa imezimwa, toa bomba la hewa mbele ya throto (mlango wa hewa unaoendeshwa na pedeli), mwenzako akanyage mpaka chini, wewe tazama kile kisahani. Lazima kisimame sambamba na mdomo wa bomba. Kikibaki kimeinama, kaza waya.

Bomba la hewa lenyewe, lile la mpira lenye mikunjo linalotoka kwenye sensa ya hewa kwenda throto. Likunje kwa mkono uangalie ndani ya kila mkunjo. Ufa hufunga injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa), ukaachama injini inapovuta na kujipinda kwenye maunti zake. Hapo hewa inaingia bila kupimwa.

Breki. Endesha kilomita kama kumi bila kutumia breki sana, simama taratibu, pima joto la kila rimu kwa kipimajoto cha kumulika. Kulia na kushoto ya ekseli moja zinatakiwa zikaribiane. Moja ikiizidi nyingine kwa nyuzi 40 au zaidi, kuna kalipa au hendibreki iliyokamata. Kama huna kipimajoto, piga jeki na zungusha tairi kwa mkono, gia ikiwa N.

Ruaha_Mbuyuni

Nimepitia yote manne, hakuna kitu. Gia ya 2 na O/D imezimwa, bado inagoma kwenye 3,000 au 3,200. Nimeazima kifaa cha kusomea data, kile kidogo cha bluetuthi cha kuunganisha na simu. Nisome nini?

Bwana_Plagi

Hayo ni masega, mkuu, yale ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi (bomba la moshi). Ukisikia gari linagoma RPM moja na linazidi likipata moto, toboa masega utupe, gari litaruka kama mpya. Nusu saa tu kazi imeisha.

SpanaKumi

Bwana_Plagi, yawezekana kabisa ni masega, na dalili ya kuzidi na joto inaelekea huko. Lakini tuthibitishe kwanza. Soketi ya pampu iliyolegea au koili (inayozalisha umeme wa plagi) inayochoka ikipata moto nazo hutoa dalili hiyohiyo.

Mkuu wa IST, rekodi namba nne ukiwa mlimani, pedeli chini kabisa, RPM ikiwa karibu 3,000. Simu aishike abiria, wewe tazama barabara.

1. Nafasi ya throto. Toyota nyingi husoma kati ya asilimia 64 na 96 pedeli ikiwa chini, kwa hiyo usitishike usipoona 100.
2. Gramu za hewa kwa sekunde kutoka sensa ya hewa, ile MAF.
3. LTFT, yaani marekebisho ya mafuta ya muda mrefu. Hii isome kabla ya kukanyaga sana, ukiwa unapanda kwa nusu pedeli.
4. Volti za oksijeni sensa ya mbele, pedeli ikiwa chini.

Hewa inayotakiwa unaipata hivi: lita za injini, mara RPM, gawa kwa 2, gawa kwa 60, zidisha kwa 1.15, zidisha kwa 0.85. Kwa lita 1.3 kwenye 3,000 ni kama gramu 32 kwa sekunde usawa wa bahari. Kwenye mita 1,500 tegemea 27 hivi.

Kuzisoma ni hivi. Hewa kidogo na LTFT imepanda mpaka 15 au 25: sensa ya hewa inadanganya kwa uchafu, au kuna hewa inayoingia baada yake. Hewa ya kutosha, LTFT imepanda, na oksijeni sensa inaanguka chini ya volti 0.3 pedeli ikiwa chini: mafuta hayatoshi, nenda kwenye pampu. Hewa kidogo lakini LTFT iko kati ya −5 na +5 na oksijeni sensa iko juu ya 0.8: mchanganyiko uko sawa, ila hewa yenyewe haipiti. Hapo kuna kizuizi, mbele au nyuma ya injini.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayopotosha wengi. Ekzosi ikiziba, hewa inapungua, kompyuta inaona imepungua, nayo inapunguza mafuta kwa kiasi kilekile. Hakuna kosa la kuripoti, ndiyo maana taa inaweza kubaki imezimwa huku gari limekufa nguvu.

Ruaha_Mbuyuni

Throto 82. Hewa 18 mpaka 19. LTFT +3. Oksijeni sensa 0.86. Ilikuwa katikati ya mlima, gari limeshapata moto.

Mama_Gereji

Hapo pampu ya mafuta imetoka kwenye orodha. Pampu dhaifu isingekupa 0.86.

Sasa gawanya kizuizi: mbele au nyuma? Mbele umeweka ea klina mpya, lakini fungua boksi lake na bomba linaloingiza hewa kutoka nje. Panya hupenda kujaza humo matambara na majani. Kama ni safi, nenda kwenye ekzosi kwa geji mbili.

Geji ya vakyumu, ichomeke kwenye bomba dogo la manifoldi ya kuingiza hewa. Injini yenye afya ikiwa sailensa husoma inchi 17 mpaka 21 za zebaki usawa wa bahari. Kila mita 300 unazopanda toa inchi moja, kwa hiyo ukiwa Iringa 12 mpaka 16 ni sawa, usimhukumu mtu kwa namba za Dar. Pandisha RPM hadi 2,500 uishike hapo kwa dakika nzima. Sindano itaanguka kidogo ulipokanyaga, kisha inatakiwa irudi na kutulia karibu na pale pa mwanzo au juu yake. Ikiendelea kushuka taratibu, ekzosi imeziba.

Kipimo cha uhakika zaidi ni kusoma presha ndani ya ekzosi. Fungua oksijeni sensa ya mbele, spana ya 22. Ifungue injini ikiwa vuguvugu, ikiwa baridi kabisa utakula nyuzi. Sensa nyingi zina nyuzi za M18x1.5, funga adapta yenye geji hapo. Sailensa isizidi psi 1.5, na kwenye 2,500 isizidi 3. Hiyo ni bila mzigo. Ukiona 5 au 6 gari likiwa limesimama, mlimani ni mara kadhaa ya hapo.

Kama huna geji, watu huacha tundu la sensa wazi na kuendesha kidogo waone kama nguvu imerudi. Mimi sipendi. Moto unatoka pale unaunguza nyaya na hozi zilizo jirani. Kama huna jinsi, mita mia mbili, si mlima mzima.

Ruaha_Mbuyuni

Boksi la hewa safi. Ekzosi: sailensa psi 2, kwenye 2,500 inafika 6 na bado inapanda. Vakyumu imeanza 15 ikashuka mpaka 10 huku RPM imeshikwa palepale.

Bwana_Plagi

Si nilisema? Toboa.

SpanaKumi

Ulilenga, ila hapa ndipo kazi inapoanza. Masega hayafi yenyewe. Kitu ndani ya injini kimeyaua, na usipokipata kitaua mengine, au kitabaki kinakula injini huku umetoboa na huoni dalili tena.

Wauaji wa kawaida ni wawili. Kumisi: silinda isiyowaka inatupa petroli mbichi kwenye ekzosi, inawakia ndani ya masega, kauri inayeyuka na kushikana kuwa donge. Pili, injini inayokula oili, majivu yake yanaziba vitundu polepole. Ukishusha masega, yatazame kwa tochi upande wa mbele: yakiwa yameyeyuka, tafuta kumisi. Yakiwa na utando wa majivu lakini umbo limebaki, tafuta oili. Yakiwa yamevunjika na kucheza yakitikiswa, fuata vipande mpaka kwenye sailensa ya bomba la moshi kule nyuma, vinaweza kuwa vimeziba huko pia.

Halafu ng'oa plagi zote nne uzipange kwa namba za silinda. Uliweka mpya, vizuri, kwa hiyo zinaonyesha hali ya sasa. Kijivu au kahawia hafifu ni nzima. Nyeusi yenye unyevu wa oili ni ringi au sili za vali. Nyeusi kavu ya masizi ni mafuta mengi au cheche dhaifu. Pengo kwa injini za 2NZ na 1NZ ni mm 1.1, ukikuta 1.3, koili inafanya kazi zaidi ya uwezo. Kaza Nm 18, injini ikiwa baridi.

Kuhusu kutoboa: sensa ya nyuma itaona tofauti na taa itawaka na kodi ya hitilafu P0420 (masega hayafanyi kazi), gari litanuka, na moshi wake ni sumu kwa mnaokaa foleni nyuma yake. Weka mengine, hata ya universal (yasiyo ya gari maalum) yenye ukubwa wa bomba lako, yakatwe na kuchomelewa vizuri.

Kipande_cha_Maimahiu

Niko Kenya, nawafuata. Probox yangu, 1NZ manual, inapanda Mai Mahiu ikitetemeka na kukata kata ukiikanyaga gia ya 4, ukirudi gia ya 3 inatulia. Scanner inatoa P0302 (silinda ya 2 inamisi). Plagi nimebadilisha. Makanika ameniambia ni nozeli (ya kupulizia petroli), bei imenishtua.

Mama_Gereji

Karibu ndugu. Gia ya 4 kwa RPM ya chini na pedeli chini ndipo silinda inabanwa zaidi, na cheche inahitaji volti kubwa kuruka pengo. Koili yenye ufa hupitisha umeme pembeni badala ya kwenye ncha ya plagi. Ukirudi gia ya 3 mzigo unapungua, cheche inaruka tena. Hiyo ni tabia ya koili kuliko ya nozeli.

Hamisha koili ya silinda ya 2 uweke ya 4, ya 4 uweke ya 2. Futa kodi ya hitilafu, panda mlima. Ikirudi P0304 (silinda ya 4), koili imejitaja. Ikibaki P0302, hamisha plagi vilevile. Ikibaki tena, hapo ndipo nozeli au kompresheni.

Ukitoa koili tazama mpira wake kwa ndani na shingo nyeupe ya plagi. Mstari mwembamba mweusi kama wa penseli kwenye kauri ni njia ya umeme uliotoroka. Badilisha vyote viwili pamoja. Plagi yenye mstari huo itaharibu koili mpya. Na kama kisima cha plagi kina oili, gasketi ya kava ya vali imechoka, oili hiyo ndiyo inayolainisha mpira wa koili.

Usiendelee kuipandisha milima na P0302. Mkuu wa IST hapo juu anajua mwisho wake.

Lita_Kumi

Niongezee kwa wale ambao namba zao zitaangukia upande wa mafuta: LTFT +20, oksijeni sensa inaanguka.

Anza na sensa ya hewa maana ni rahisi. Skrubu mbili, dawa yake maalum ya kupulizia, si dawa ya kabureta, na usiguse ule uzi kwa kitambaa wala kidole. Iache ikauke dakika kumi au zaidi, futa kumbukumbu ya kompyuta, upime tena.

Kisha presha. Hizi injini za NZ hazina bomba la kurudisha mafuta, regyuleta na filta viko ndani ya tangi pamoja na pampu, chini ya siti ya nyuma. Presha inatakiwa 304 mpaka 343 kPa, ni psi 44 mpaka 50. Geji unaiunga kwa kiungo cha T kwenye hozi inayoingia reli ya nozeli. Kwanza ondoa presha: chomoa rilei ya pampu injini ikiwaka mpaka izime yenyewe, toa nyaya za betri, kitambaa mkononi, kizima moto jirani.

Kupima sailensa hakutoshi. Pampu iliyochoka inatoa psi 45 bila shida kama nozeli hazinywi. Geji yenye hozi ndefu itoke chini ya boneti, uibane kwa nje ya kioo cha mbele, isiingie ndani ya gari, upande mlima ukiitazama. Ikiporomoka kwenda 30, usikimbilie pampu: pima volti kwenye soketi ya pampu injini ikiwaka. Zikiwa pungufu ya za betri kwa zaidi ya volti moja, ni waya, rilei au soketi iliyoungua. Volti zikiwa sawa, fungua pampu, tazama soksi ya kuchujia chini yake. Tangi lililopata mafuta machafu au maji huifunika tope, na mara nyingi soksi na filta vinamaliza kazi.

DizeliTupu

Na sisi wa Hilux na Hiace za dizeli?

SpanaKumi

Tazama moshi kwanza, mkuu. Halina nguvu na linatoa moshi mweusi: mafuta yapo, hewa haitoshi. Kagua hozi za tarbo na intakula, ufa wake huonekana kwa mafuta mafuta ya oili pembeni, kisha vali ya EGR (inayorudisha moshi kwenye injini) iliyoganda wazi kwa masizi, kisha vijibomba vya vakyumu vinavyoendesha tarbo. Halina nguvu na halitoi moshi: mafuta hayafiki. Toa maji kwenye filta ya dizeli, badilisha filta, angalia hozi kutoka tangini kama inanyonya hewa, ndipo ufikirie vali ya kudhibiti mafuta kwenye pampu ya presha kubwa. Ungefungua uzi wake, ni habari ndefu.

Ruaha_Mbuyuni

Mrejesho. Masega yalikuwa yameyeyuka katikati, tundu lililobaki wazi halifiki ukubwa wa sarafu. Plagi ya silinda ya 3 nyeusi kavu, nyingine tatu kahawia. Koili ya 3 ina ufa kwenye mpira na mstari kwenye kauri kama alivyoeleza Mama. Kompresheni psi 185, 180, 180, 185. Nimeweka koili, plagi moja, na masega mengine. Presha ya ekzosi sasa sailensa haifiki 1, kwenye 2,500 ni 1.5. Mlimani gia ya 2 inakwenda 4,500 na hewa kwenye 3,000 inasoma 27.

Kuna mtu ananiambia nibadilishe koili zote nne. Ni lazima?

Mama_Gereji

Kompresheni iko vizuri, zote zinakaribiana, kwa hiyo injini haina deni. Koili si lazima zote nne. Toa tatu zilizobaki, zikunje mpira kwa vidole kwenye mwanga mkali. Iliyokauka na kupasuka ibadilishe, laini irudishe. Epuka koili feki za bei ya chini, mpira wake hukauka haraka na utarudi hapahapa.

Gasketi kati ya manifoldi na bomba la mbele uliweka mpya? Kama ulirudisha ya zamani, sikiliza asubuhi injini ikiwa baridi. Mlio wa tik tik tik unaopotea ikipata moto ni gasketi inayovuja, na hewa inayoingia pale itaidanganya oksijeni sensa.

Ruaha_Mbuyuni

Nilirudisha ya zamani. Nafungua kesho.